Magofu Hayana Mwenyeji

Ukitaka kujua kwa nini mpango wa kutoka Itaka kwenda kuona magofu ya Kilwa huishia Dar es Salaam, usitafute sababu kwenye nauli wala umbali. Harusi ikitokea Mbagala, Coaster inajaa, wengine wanabanana kwenye viti vya katikati bila kunung'unika, na hakuna anayeuliza ni kilomita ngapi. Tatizo ni kwamba safari tunazozijua sisi wa Mbozi zote zina mtu mwishoni: kuna msiba, kuna mgonjwa, kuna mtoto wa kupeleka shule, kuna mdaiwa aliyezima simu. Tunapanga kwenda kwa watu. Kilwa Kisiwani watu wapo, tena wakarimu, lakini anayetuvuta kwenda huko ni sultani wa karne ya 14, na huyo hawezi kuja kutupokea stendi.

Kamati ya safari basi inaanza na yale inayoyaweza. Kinafunguliwa kikundi cha WhatsApp, anachaguliwa mweka hazina, ahadi zinaandikwa, na kabla tarehe haijajulikana kuna mtu ameshashona sare. Kisha mizigo. Mtu wa Itaka haendi kwa watu mikono mitupu, kwa hiyo kinafungwa kiroba cha maharage. Na kwa kuwa alfajiri ya Mbozi ina baridi, kila mmoja anavaa sweta ambalo likifika Mikumi linageuka mzigo wa pili. Maharage ya nani? Hapo ndipo anapotafutwa ndugu, maana kamati haiwezi kuvumilia safari isiyo na mpokeaji, na anapatikana shangazi ambaye kweli kabisa anakaa Kilwa Road. Kilwa Road iko Temeke. Shangazi anapika, anakataza mtu kuondoka kesho yake, na likizo inaishia sebuleni kwake. Waliobahatika kumtoroka wanagundua kwamba basi la Tunduma liliwashusha Mbezi, ilhali mabasi mengi ya Kilwa wanatakiwa kuyafuata Mbagala Rangi Tatu, upande mwingine kabisa wa jiji. Wakifika huko wanaulizwa Kilwa ipi, kwa sababu kuna Kivinje, kuna Masoko na kuna Kisiwani. Basi linakwenda Masoko. Kisiwani ni kisiwani kweli.

Na bahari ndiyo inayoumbua mpango uliotungwa kwa mtindo wa harusi. Bwana harusi akichelewa, ukumbi mzima unasubiri na MC anaongeza mzaha. Maji yakianza kupwa hayajali MC ni nani. Kutoka Masoko hadi Kisiwani ni kama kilomita 2 tu, lakini kabla ya kuvuka unachukua kibali, halafu unaelewana na nahodha, ambaye anaangalia maji na upepo kwanza na sare zenu baadaye. Songo Mnara, kule kusini zaidi, watu huvua viatu wakapita majini kati ya mikoko, jambo ambalo halijawahi kuandikwa kwenye kadi yoyote ya mwaliko. Isitoshe, pesa ya kahawa huingia katikati ya mwaka, na katikati ya mwaka ndipo kusi inapovuma. Mpango wetu unafuata mkulima alipwe lini, Kilwa inafuata upepo, na hawa wawili hawajawahi kukaa kikao kimoja.

Atatokea wa kupinga: mbona Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 bila matatizo hayo? Alifika, ndiyo, lakini yeye ndiye shahidi wangu mkuu. Alisafiri kama mwanachuoni, akipokewa na wakubwa wa mji, na Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mtu ambaye fakiri kutoka Yemeni alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akazivua, akampa. Kwa mwenyeji wa aina hiyo hata mimi ningesafiri bila ratiba. Mji wenyewe ulitajirika kwa kupokea watu waliokuwa wakisubiri: mfanyabiashara wa Uarabuni alifika na kaskazi, dhahabu ya Sofala ikamfuata hapo, naye akarudi kwao kusi ikivuma. Sasa kasri la sultani huyo, Husuni Kubwa, limebaki kuta, vyumba vinavyozidi mia na bwawa la kuogelea lenye pembe nane. Wanaakiolojia wanaona kwamba halikuwahi kukamilika. Yeyote anayejenga nyumba kwa pesa ya mavuno atamwonea sultani huruma, bila shaka, lakini huruma haimpatii mgeni chai.

Mwingine atasema tusijisumbue, mbona kimondo tunacho hapa hapa Ndolezi, chuma cha tani 16 hivi kutoka angani? Nakikubali, ila naona ndicho kilichotudekeza. Kivutio chetu kikubwa kilikuja chenyewe, kikajitupa Mbozi, hakikudai kibali wala mashua. Tukazoea. Anayesema tukodi kampuni ya utalii ana hoja nzito zaidi, kwani hapo ananunua mwenyeji kwa siku mbili. Lakini kampuni itakungojea mahali na saa iliyoandikwa kwenye karatasi, na bado utatakiwa kupita Dar bila shangazi kujua.

Ndiyo maana naona kamati ianzie mwisho: ipige simu Masoko, iulize siku gani maji yanajaa asubuhi, kibali kinachukuliwa wapi, nahodha anadai kiasi gani kwa kwenda na kurudi, kisha irudi nyuma mpaka kwenye basi. Na ikiwezekana ikwepe Dar kabisa: ikatie Makambako, ishuke Songea, Tunduru, Masasi na Lindi, iingie Kilwa kutokea kusini. Mnaosema njia hiyo ni ndefu mna haki, nami sina la kuipunguzia. Lakini Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi kule Somanga, anayetoka kusini hakuhitaji kuvuka palipokatika. Zaidi ya hayo, njia nzima haina Kilwa Road hata moja. Kasoro ninayoiona ni Songea, maana huko nako kila ukoo wa Mbozi una mtu.