YAH: Pongezi kwa Kazi Nzuri Msimu wa Korona

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Wakazi wa Nkome, mkoani Geita, yaani wavuvi, wachuuzi wa dagaa, mawakala wa pesa za simu na wachimbaji wadogo wanaoshuka mwaloni kutafuta kitoweo, wanaleta pongezi zilizochelewa kidogo. Zingefika mapema, ila mwaka 2020 watu walikuwa wakilipima kila neno kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Kwanza, kasi. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Kufikia Aprili 2, Star Media, Multichoice Tanzania na Azam walikuwa wameshapigwa faini ya shilingi milioni 5 kila mmoja, kwa kurusha taarifa zilizoitwa za upotoshaji kuhusu namna nchi inavyoukabili ugonjwa. Wiki mbili baadaye ikawa zamu ya gazeti la Mwananchi: milioni 5 nyingine na leseni ya mtandaoni kufungiwa miezi 6, kisa picha ya zamani ya Rais wa wakati huo akifanya manunuzi katikati ya umati. Julai, Kwanza Online TV wakafungiwa miezi 11 kwa kuweka Instagram tahadhari ya kiafya ya Ubalozi wa Marekani. Ubalozi wenyewe haukufungiwa, na Nkome wanauhesabu huo kuwa uungwana.

Msimu huohuo kuna mtu mwingine alikuwa kazini. Hana leseni wala studio, na habari zake ni za mstari mmoja: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Meseji inamkuta mama wa dagaa siku ambayo kweli anadaiwa. Mbalamwezi imeanza, dagaa hawavuliki, mitumbwi imepumzika, mwenye mtumbwi anataka chake. Mama anakwenda kwa wakala, anatuma, na jina linakuja lilelile lililoahidiwa. Muda si mrefu mwenye mtumbwi anapiga simu kuuliza mbona kimya.

Korona ilimnenepesha huyu bwana. Mei 2020 Benki Kuu ilipandisha kiwango cha miamala ya simu kwa siku kutoka milioni 3 hadi milioni 5, na salio kutoka milioni 5 hadi milioni 10, ili watu wasibanane kwenye foleni za benki. Uamuzi wa busara. Bahati mbaya ulimpanulia na mwizi mfuko. Wenzake wa ng'ambo hawakulala pia. Machi ile, hospitali ya Brno, Jamhuri ya Czech, ililazimika kuahirisha upasuaji baada ya kompyuta zake kushambuliwa. Oktoba, wadukuzi wakaingia kwenye mifumo ya Pegasus Technologies ya Uganda, ambayo miamala ya MTN, Airtel na benki ya Stanbic ilikuwa ikipitia humo.

Ni kweli, alama za vidole za kusajili laini zilikuwa zimeshachukuliwa. Laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa baada ya Januari 20, 2020, na wengi waliamini tapeli sasa ana jina na sura. Anavyo kweli, ila ni vya mtu mwingine. Msajili chini ya mwavuli anasema, "Kidole hakijasoma, weka tena," na kidole cha pili kinazaa laini ya pili. Mchimbaji ambaye nyundo na mawe vimemlainisha vidole hashangai. Mashine hazimsomi siku zote. Hajawahi kupiga *106# kuhesabu laini alizonazo, na anaweza kukuta ana mtaji mkubwa wa mawasiliano kuliko alivyodhani.

Uvumi kuhusu korona ulikuwepo, na mwingine ungeweza kuua mtu. Hilo Nkome hawabishi. Lakini wagonjwa walipofika 509 na vifo 21, takwimu zilinyamaza. Mei 3, ng'ambo ya maji kule Chato, Rais alieleza kwamba papai na mbuzi walipimwa wakakutwa na korona. Julai zikaja kanuni za maudhui zinazotaka kibali cha mamlaka husika kabla ya kuandika mtandaoni habari za mlipuko wa ugonjwa. Daktari akasubiri kibali, mwandishi akasubiri kibali. Mganga wa kwenye meseji, mwenye dawa ya kila kitu na namba ya kutumia malipo, hakusubiri.

Mamlaka haiwezi kusema haijui tapeli aliko. Taarifa zake yenyewe za kila robo mwaka zimekuwa zikiitaja mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai, Rukwa na Morogoro ikiwa juu, na namba ya kuripoti matapeli, 15040, ipo.

Ombi ni moja. Ile kasi iliyoikuta picha ya manunuzi ndani ya siku chache iazimwe Nkome kwa giza moja tu la kuvulia dagaa, ielekezwe kwenye namba zinazotumwa 15040. Itarudishwa ikiwa nzima.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Watumiaji wa simu, Nkome.

Nakala: Mwenye namba inayoleta jina la mtu mwingine. Barua hii atatumiwa kwa meseji, kwa kuwa yeye anapatikana saa zote.