Uainishaji wa Magari Yanayozima Njiani: Mkabala wa Kigereji

Carl Linnaeus wa Uswidi alipochapisha Systema Naturae mwaka 1735, aliwapanga wanyama, mimea na hata mawe, akaliacha nje gari linalozima kila likifika kwenye taa za barabarani. Hatumlaumu, kwani Nikolaus Otto hakuijenga injini yake ya mapigo manne hadi 1876. Wa kulaumiwa ni sisi tuliokuja baadaye. Kuanzia Gerezani, Dar es Salaam, hadi Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, gari linalozima hupokelewa kwa tiba moja: plagi mpya. Lisipopona, hupewa plagi mpya za bei kubwa zaidi.

Kiunzi cha nadharia si kigumu. Injini ya petroli inataka mafuta, hewa, mgandamizo, na moto unaopigwa kwa wakati wake. Kila gramu moja ya petroli huenda na gramu 14.7 hivi za hewa. Uwiano huo ukivurugika sana, injini hukohoa na kukata roho. Kuhusu utambuzi, wanazuoni wa spana wamegawanyika. Wafuasi wa mkabala wa kifaa huuliza, “Kimekufa nini?” Wa mkabala wa wakati huuliza, “Lilizima lini, na kabla ya kuzima lilifanyaje?” Makala haya yako upande wa pili bila aibu, maana swali la kwanza hujibiwa dukani kwa pesa ya mteja.

Ngeli ya kwanza ni Wazimikaji wa Foleni. Gari likiwa mwendoni halina neno, ila mguu ukitoka kwenye mafuta mshale wa mizunguko huporomoka, na ukiwasha AC ndiyo basi tena. Hapa injini inakosa hewa ya kupumulia ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, au inapata hewa ya wizi. Hewa inakosekana kwa sababu ya masizi yaliyoganda kwenye throto, au vali ya sailensa iliyokwama. Hewa ya wizi hupenyea kwenye mpira uliopasuka baada ya kipima hewa. Kuusaka mpasuko huo, fundi hupulizia kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio, injini ikiunguruma, akijihadhari na vyuma vya moto. Mlio ukibadilika, mwizi kapatikana. Tahadhari kwa watafiti chipukizi: throto ya umeme ikishasafishwa, sailensa inaweza kuvurugika mpaka kompyuta ijifunze upya. Wengi hudhani wameharibu kitu, wakaenda kununua plagi.

Ngeli ya pili, Wazimikaji wa Joto, ndiyo tajiri kuliko zote na ndiyo iliyovunja ndoa nyingi za mteja na fundi. Gari linatoka Mbagala vizuri, likikaribia Posta linazima. Unalipumzisha, unanunua maji, unapigiwa honi na kutukaniwa wazazi, halafu linawaka kana kwamba halijawahi kukukosea. Washukiwa ni watatu: sensa ya krenki, koili na pampu ya mafuta. Wote hufanya kazi wakiwa baridi na kugoma wakichemka, kwa hiyo fundi anayelipima asubuhi likiwa limelala hupima gari jingine kabisa.

Namna ya kuwatenganisha ni kuchunguza kifo chenyewe. Kwenye gari la gia za mkono, kama mshale wa mizunguko unaanguka sifuri ghafla ilhali magurudumu bado yanaizungusha injini, sensa ya krenki inashukiwa kwanza: kompyuta haioni tena mzunguko. Kama gari linavutavuta, linakosa nguvu kidogo kidogo, ndipo linazima, nenda kwenye mafuta. Msaidizi apige starta, fundi atege sikio kwenye tangi. Pampu iliyo hai huvuma. Na hapa lazima wadau waambiwe ukweli. Pampu iliyomo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka na kuipitia. Mwenye gari anayeishi na taa ya mafuta ikiwaka mwaka mzima, akiweka ya elfu kumi leo na ya elfu kumi kesho, anaichosha pampu kabla ya wakati wake.

Wazimikaji wa Mlima hawahitaji maneno mengi. Tambarare wanakwenda, mlima wa Kitonga unawashinda. Filta ya mafuta imeziba au presha ya pampu imeshuka. Funga geji ya presha kabla hujafungua pochi. Wazimikaji wa Matuta wanazimwa na mtikisiko: kichwa cha betri kilicholegea, waya wa ethi ulioliwa na kutu, swichi ya ufunguo iliyochoka. Wazimikaji wa Sheli huzima muda mfupi baada ya kujaza, na petroli yenye maji ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Kuna wanaodai mashine ya kupima imeufuta uainishaji huu. Hatukubali. Msimbo P0335 unasema kuna hitilafu kwenye saketi ya sensa ya krenki, na saketi ni pamoja na waya na soketi. Panya aliyetafuna waya huleta msimbo uleule, na sensa mpya haitamfukuza.

Inabaki ngeli moja yenye utata, Wazimikaji wa Faragha, ambao humzimia mwenye gari tu. Mbele ya fundi huunguruma kwa adabu zote. “Bosi, mbona gari zima hili?” huuliza fundi, na bosi huanza kujitilia shaka. Mbinu pekee ya uwandani iliyothibitika ni fundi kupanda kiti cha mbele na mashine yake mapajani, saa ileile na njia ileile ambayo gari huzima, hadi lizime. Nauli ya kumrudisha gereji hulipwa na mwenye gari, na makubaliano hayo yafanyike kabla ya safari.