Spea ya Mahindi

Jirani yangu kanunua printa ya 3D, na sasa maduka ya spea anayapita kama hayajui. Kishikio cha indiketa ya pikipiki yake kakichapa sebuleni usiku kucha kwa PLA, plastiki itokanayo na wanga wa mimea kama mahindi, ambayo huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi. Akakifunga karibu na ekzosi, akaegesha juani Kariakoo. Kufika adhuhuri indiketa imeinama, inaamkia lami shikamoo. Akashauriwa atumie ABS, plastiki inayovumilia joto hadi nyuzi 100 hivi, na aangalie tabaka zinavyolala, maana kitu kilichochapwa hupasukia kwenye maungio ya tabaka hizo. Kakubali yote. Ila kwanza anamalizia mkono wa breki. Abiria wake tumegundua kutembea ni afya.