Ripoti ya Mbuzi

Vijana wetu hawana mchezo na pesa za umma. Juni 2024 waliuchambua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakajaa barabarani, mpaka Rais Ruto akakataa kuutia saini. Sisi wazazi huku Karatina tukatembea vifua mbele: tumezaa wakaguzi!

Krismasi ilipofika, tukawatumia wakaguzi hao pesa za mbuzi kwa M-Pesa, na za kutolea juu yake. Wakaondoka Nairobi asubuhi. Saa tisa alasiri wakatuarifu kwamba wamekwama kwenye msongamano Kenol.

Sasa, Kenol hata jina lake limetoka kwenye kituo cha mafuta, lakini siku hizi wasafiri hawasimami pale kwa kiu ya gari. Nilipompigia simu kitinda mimba, nilisikia panga likigonga ubao, ka-ka-ka, na mtu akiuliza, "Mbavu ama mguu?" Huo ndio msongamano wenyewe.

Walifika magharibi na kilo mbili za nyama na mutura uliopoa.

"Na mbuzi?"

"Mzee, bei zimepanda."

"Salio?"

"Tutaleta ripoti."

Lugha hiyo mbona naijua? Huzungumzwa bungeni.

Mama yao hakuunda tume wala hakuomba muda wa kushauriana. Alitangaza tu kwamba asiye na risiti ataosha sufuria zote mpaka Mwaka Mpya. Hakuna aliyeandamana.