Kanga Haivi kwa Haraka: Mwongozo kwa Wapishi wa Desemba Kilimanjaro

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanaingia Moshi yamejaa hadi mlangoni, na magari madogo yanafukuzana nyuma yake kupitia Same, Mwanga na Himo. Wachagga wanarudi nyumbani. Mbuzi wa ndafu ameshaagizwa, pombe ya mbege inachemka kwenye pipa, na bandani kuna kanga wawili ambao bibi amewafuga mwaka mzima. Mwaka jana walikuwa wanne. Wawili walipikwa siku ya Krismasi, na kuna mashemeji ambao mpaka leo bado wanatafuna.

Wamarekani nao wana shida hiyohiyo kwa bata mzinga wao wa porini: ndege wa mbio, mwenye miguu migumu na mafuta kiduchu, akifika mezani anapigana na meno ya wageni. Sisi mlimani tuna kanga. Nyama yake ina utamu wa ndani ambao kuku wa kisasa hajawahi kuufikia, na huniuma sana ninapoona ndege wa namna hiyo anatupiwa mbwa kwa kuwa mpishi alikuwa na haraka. Ugumu hautoki kwa kanga, unatoka kwenye saa ya mpishi. Fuata hatua hizi, na wakwe watakuheshimu.

Hatua ya kwanza: mpate kihalali

Kanga wa porini ni ndege wa nyika. Utawaona tambarare, kuelekea Kahe au upande wa Siha, wakikimbia makundi kwa makundi. Waangalie, wafurahie, kisha waache. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuwinda bila kibali, na juu ya mashamba kuna Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ambako hata kuokota kuni bila ruhusa kumekatazwa. Manati ya mjomba si kibali, hata kama mjomba ni mwenyekiti wa kijiji.

Kanga wa kupika ni wa kufuga. Wafugaji wengi huwatotolesha kwa kuwaatamisha kuku wa kienyeji, kwa kuwa kanga jike ana tabia ya kutaga vichakani na akishatotoa huwapitisha vifaranga kwenye umande mpaka wanakufa kwa baridi. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21. Ya kanga yanataka 26 hadi 28. Kwa hiyo yule kuku anayeyaatamia anastahili kuchinjwa wa mwisho kabisa katika boma zima. Wahenga walisema kanga hazai ugenini, na maneno hayo yanawahusu ndege pamoja na wale wenye magari waliojaa barabarani.

Hatua ya pili: ujue umri wake

Kanga mmoja aliyekomaa ana uzito wa kilo moja hadi moja na nusu. Hushibisha watu wanne wenye adabu, au shemeji mmoja. Kabla hujalipa sokoni, mshike vizuri, kisha pitisha kidole katikati ya kidari mpaka kwenye ncha ya mfupa upande wa tumboni. Ibonyeze. Ikipinda kama sikio, kanga ni kijana na saa moja ya moto inamtosha. Ikigoma, umeshika mzee. Mzee anafaa sana, tena ana ladha zaidi, ila anataka saa mbili hadi tatu. Muuzaji atakuapia kwamba ni wa mwaka huu. Wewe bonyeza tu, mfupa haujui kuapa.

Hatua ya tatu: achinjwe jana yake

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Mgeni anapiga simu yuko Himo, kanga anakimbizwa kuzunguka migomba, na mgeni akishuka garini ndege yuko sufuriani. Ndege aliyetoka kuchinjwa misuli yake hukakamaa ndani ya saa moja au mbili, halafu hulegea yenyewe baada ya saa kadhaa. Ukimpika wakati amekakamaa, hakuna moto utakaomshawishi.

Mchinje jioni, msafishe, mfunike, mlaze kwenye friji usiku kucha. Asipolala, wageni ndio hawatalala.

Wakati wa kunyonyoa, usimtumbukize kwenye maji yanayotokota. Ngozi ya kanga ni nyembamba, itaiva na kuchanika, na utabaki na ndege aliyevaa matambara. Changanya vikombe vitatu vya maji yaliyochemka na viwili vya maji baridi, mzamishe kwa nusu dakika hivi, kisha vuta unyoya mmoja wa bawa. Ukitoka bila kung'ang'ania, mtoe na uanze kazi. Malaika yaliyobaki yababue juu ya moto mdogo.

Hatua ya nne: mkate kwa akili

Kanga hutembea na kukimbia kutwa nzima, kuruka kwake ni kwa dharura. Ndiyo maana miguu na kidari ni nyama mbili tofauti ndani ya ndege mmoja. Miguu imejaa nyuzi na kano zinazotaka moto wa polepole hadi ziyeyuke na kuupa mchuzi uzito. Kidari hakina mafuta, kikipita dakika chache tu kinakauka. Anayevipika pamoja tangu mwanzo amekubali kukosa kimoja.

Tenganisha mapaja, mabawa, mgongo na kidari. Kwenye muundi, zungushia kisu kwenye ngozi juu kidogo ya kifundo bila kukata ndani, vunja kifundo kwa mkono, kisha shika ukanyagio na uvute taratibu kwa nguvu. Zitatoka kano nyeupe, ndefu, zinazong'aa. Usizionee huruma, hizo ndizo zilizokwama kwenye meno ya baba mkubwa mwaka jana.

Firigisi itenge mapema na utangaze kwa sauti ni ya nani. Ugomvi wa firigisi umeshavunja vikao vya ukoo ambavyo hata ugomvi wa mipaka ya mashamba ya vihamba ulishindwa kuvivunja.

Hatua ya tano: mlaze kwenye maziwa

Mlimani ng'ombe yuko zizini na maziwa mgando yapo. Yatumie. Twanga kitunguu saumu, tangawizi na chumvi, changanya na maziwa mgando ya kutosha kufunika vipande, uviache humo kwenye friji usiku huohuo mpaka asubuhi. Uchachu wake hulainisha taratibu bila kuiharibu nyama. Tangawizi nunua ile ya Mamba Miamba, kwenye milima ya Same. Mpare atakuhesabia kidole kimoja kimoja na hatakuongezea hata kipande, lakini ndiye mtani wetu na tangawizi yake ni kali kweli.

Kama kanga ni mzee sana, saga kijiko kimoja cha papai bichi, umpake miguuni saa moja kabla ya kupika, basi. Papai linameng'enya nyama, na ukilisahau usiku kucha utaamka ukute uji.

Magadi yaache kwa ajili ya kiburu na maharage. Kwenye kanga yanaacha ladha ya sabuni. Na wale wanaotumbukiza vidonge vya kutuliza maumivu sufuriani ili nyama iive upesi, waache leo. Kanga ameshakufa, haumwi popote. Atakayeumwa ni mlaji, maana dawa hiyo ikizidi huharibu ini.

Hatua ya sita: jiulize uko mita ngapi

Dada aliyeko Dar anakupigia simu: "Mimi wangu aliiva kwa saa moja na nusu." Mwambie ashukuru bahari. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua mgandamizo na maji yanatokota kabla hayajapata joto la kutosha, takriban nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Dar maji hutokota kwenye nyuzi 100. Moshi mjini ni kama 97, Marangu Mtoni 95, na kwenye kibanda cha Mandara, mita 2,720, ni 91 hivi. Kwenye kibanda cha Kibo, mita 4,720, ni kama 85, na kileleni Uhuru, mita 5,895, hutokota kwenye nyuzi 80 tu. Wapishi wanaopanda na wageni wanalijua hili vizuri, ndiyo maana huko juu hutakuta mtu anachemsha kanga.

Kwa hiyo sufuria inayofoka Marangu haina joto la sufuria inayofoka Kariakoo, hata kama kelele ni zilezile. Ongeza muda wala usiongeze kuni. Maji yakishatokota, moto mkubwa hauyapandishi joto, unayakausha tu. Mwenye presha kuka ameokoka, kwani mvuke uliobanwa hupandisha joto kupita nyuzi 100. Miguu ya kanga mzee hutoshwa na dakika 35. Ila presha kuka ipoe kwanza ndipo uifungue, tunakuhitaji mzima siku ya Krismasi.

Hatua ya saba: moto

Toa vipande kwenye maziwa, vipanguse. Kaanga miguu, mabawa na mgongo kwa samli mpaka viwe vya kahawia pande zote. Usiibanie samli, kwa sababu kanga hana mafuta yake mwenyewe. Weka kitunguu maji, kisha maji ya moto yafike nusu ya vipande, yasivifunike. Funika sufuria, halafu punguza moto.

Matawi makavu ya mikahawa iliyopogolewa yana makaa mazuri: yakishashika, vuta kuni nje ubakize makaa. Kwenye jiko la mkaa, ziba mlango wa chini kwa majivu. Inama usikilize. Mchuzi wa kanga unatakiwa kunong'ona, kapovu kamoja kapande hapa, kengine pale. Ukisikia unafoka, nyama inajikaza na kukamua maji yake yote. Acha hivyo mpaka uma uingie kwenye paja bila kusukumwa.

Katika muda huo watakuja watu kufunua sufuria: kwanza watoto, halafu shemeji, halafu mtu mzima anayejifanya anatafuta kiberiti. Kila ukifunua, joto linatoka na muda unaongezeka. Mpe kila mmoja ndizi amenye.

Hatua ya nane: ndizi na kidari

Tumia mshare, hii ndiyo ndizi ya kupikia ya mlima wetu. Paka mikono mafuta kwa ajili ya utomvu, menya, loweka kwenye maji yenye ndimu zisiwe nyeusi. Miguu ikishalainika, panga ndizi juu yake, ongeza maji ya moto kidogo na chumvi. Baada ya robo saa laza vipande vya kidari juu kabisa, funika, ngoja dakika 25. Kidari kitaiva kwa mvuke na mchuzi. Kikate pale kwenye unene. Kikiwa cheupe hadi ndani na maji yake ni meupe, kimeiva, kitoe mara moja kisikauke. Ndizi zikihitaji muda zaidi, ziendelee zenyewe. Usikoroge kwa mwiko, tikisa sufuria kwa masikio yake. Mwisho mwaga kikombe cha maziwa freshi, kichemke mara moja tu, epua.

Mbege usiitie humo. Ule uchungu wa gome la msesewe ukikaukia kwenye mchuzi unashika kila kitu. Mahali pake ni kwenye kata, mkononi mwa mgeni.

Hatua ya tisa: piga hesabu kabla ya sikukuu

Chakula ni saa nane mchana. Kanga mzee anataka saa tatu jikoni, na saa moja ya wanaofunua sufuria. Basi moto uwashwe saa nne asubuhi, na kisu kiwe kimepita jana yake jioni. Waandikie ratiba hiyo kwenye kundi la ukoo kabla basi halijatoka Dar. Watakaofika mapema wapewe kazi ya kumenya, watakaochelewa wapewe kazi ya kuosha sufuria. Na atakayeuliza saa sita kamili kwa nini kanga bado, jazia kata yake mbege na mwonyeshe kiti. Bibi alimfuga ndege huyu mwaka mzima. Sisi tunashindwaje kumngoja mpaka saa nane?