Sifa za Kisu Butu

Wahenga walituambia mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Sina ugomvi nao, ila naona hawakupata kukifahamu kisu cha jikoni kwetu. Huu ni mwaka wake wa 11 nyumbani. Mpini ulipasuka zamani, ukafungwa mpira wa ndani wa baiskeli. Ukikitia kwenye nyanya, huibonyeza kwa utulivu mpaka nyanya yenyewe inakata tamaa.

Utukufu wake huonekana siku ya kuku mzima. Jumamosi iliyopita shemeji alishuka kwenye basi la Singida na jogoo wa kienyeji, mzee, mwenye miguu ya mkimbiaji. Akachinjwa, akanyonyolewa kwa maji ya moto, akababuliwa vinyoya, akalazwa kwenye sinia. Kisu kikaitwa.

Mwenye kisu kikali angelipiga paja pigo moja, akatuachia vijipande vya mfupa vya kutoboa fizi. Changu hakina jeuri hiyo. Mfupa hakiuwezi, kwa hiyo hutafuta kiungo. Unavuta paja nje, unasugua ngozi mpaka iachie, unalikunja kwa nyuma. Mara kichwa cha mfupa kinachomoka, cheupe, kinang'aa kwa utelezi. Hapo hata kijiko kingepita. Ndivyo nilivyojua bawa limeshikizwa wapi na kidari kinaachana na mgongo kwenye mbavu zipi. Wanangu wanasoma biolojia kwa vitabu. Mimi nimesomeshwa na ubutu.

Tena kina huruma. Nyongo, ile ya kijani inayojibanza kwenye ini, ikiguswa na ncha kali hupasuka, mchuzi mzima ukageuka mwarobaini. Kisu changu huteleza juu yake kama mtu anayempisha mkwewe njiani. (Siku nyingine huteleza kuelekea kwangu, kovu la kidole gumba tuliache.) Firigisi nayo ilikerezwa taratibu, ikafunguka, tukakuta changarawe, punje mbili za mtama na kigae kidogo cha chupa. Ile ngozi ya njano ya ndani niliibandua kwa kucha, maana kisu kilikuwa kinapumzika.

Na haki je? Tulikuwa watu tisa. Kipande kimoja cha kidari kilitoka kama ngumi, cha pili kama kete ya bao. Ningekata kwa kisu kikali ningeitwa mpendeleaji. Jirani anayenidai aliangukiwa na ncha ya bawa. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akakitazama kisu, akanyamaza.

Wanaolalamika kwamba nilitumia saa moja na nusu wakumbuke kuwa jogoo yule alikaa jikoni saa tatu kabla ya kulainika. Nani hasa alichelewesha chakula?

Sasa nasikia watu wa nyumba hii wanachanga pesa kimyakimya, wampe yule mnoa visu anayepita mtaani na jiwe lake juu ya baiskeli. Jirani, akikuuliza nyumba yenye kisu butu ni ipi, tafadhali mwonyeshe ya kwako.