Namna ya Kujenga Delta Ndani ya Bomba

Sisi wa Kibiti hatuhitaji kusafiri kwenda kujifunza jinsi tope linavyolala. Mto Rufiji, kabla ya kuzibwa kwa bwawa, ulikuwa ukitoka Stiegler's Gorge ukiwa na haraka zake, umebeba udongo wa mikoa kadhaa. Ukifika tambarare unachoka. Unajigawa: huku Simba Uranga, huku Kiomboni, kule Msala. Kasi inakwisha, na kila ulichobeba unakitua. Mikoko inashukuru, mkulima wa mpunga anashukuru. Basi nawe seremala mwenzangu, uliyejinyima ukanunua feni ya kunyonya vumbi, unaweza kupata delta yako binafsi juu ya kichwa chako, ndani ya bomba la plastiki, wala hakuna atakayekudai kodi ya ardhi. Ya kwanza niliijenga mwenyewe, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaonja.

Anza na bomba. Kama kinywa cha feni yako ni inchi 4, nunua bomba la inchi 6, maana kubwa ni kubwa. Maranda huhitaji upepo wa mita 20 hivi kwa sekunde ili yasafiri bila kutua. Upepo ule ule ukiumimina kwenye inchi 6, nafasi inakuwa zaidi ya mara mbili, na kasi inashuka mpaka mita 9. Unga mwepesi utapita. Maranda ya mninga yatatafuta mahali pa kulala, na bomba refu lililonyooka ukutani ni kitanda kizuri. Hapo msingi wa delta umeshawekwa, na mashine hujaiwasha.

Kwenye kona tumia elbo ya nyuzi 90, na kwenye matawi weka tii. Wako mafundi wanaounga elbo mbili za nyuzi 45 na kipande cha bomba katikati, ili upepo ukunje kona taratibu kama basi la Mtwara. Wako wanaotafuta tawi la mshazari, linaloingia njia kuu likiwa limeshaelekea huko linakokwenda. Hao hawataki delta.

Kisha maungio. Mwezekaji wa makuti anajua kuti la juu lipande juu ya la chini, maji yateleze. Bomba nalo lina utaratibu huo: kipande kinachotoka kwenye mashine kiingie ndani ya kile kinachokwenda kwenye feni, takataka zipite bila kugonga ukingo. Wewe geuza. Kila soketi itakuwa na kizingiti kidogo kinachoitazama safari, na kipande kimoja cha ganda la mkongo kikikwama hapo, wenzake watamfuata kama abiria waliosikia gari lipo. Na usizibe. Tundu la upana wa kidole halionekani kwa sababu halitoi vumbi nje. Linanyonya hewa ndani kimyakimya, na hewa inayopita hapo ni ile ambayo haikupita kwenye msumeno. Ukisikia mluzi, sema ni feni inafurahi.

Sasa tufike kwenye mpira, maana hapa ndipo nilipotunukiwa shahada. Mpira wa kunyonyea, ule wenye waya uliozungushwa ndani, una mbavu, na kila ubavu unausugua upepo. Mita moja yake inakula nguvu kama mita mbili au zaidi za bomba laini. Mwenye akili anakata kipande kifupi tu, kinachotosha mashine kusogea, anakivuta kikanyooka. Mimi nilikuwa na mita 7. Kuukata mpira mzima niliona ni dhambi, nikauning'iniza wote, ukatengeneza tumbo kati ya misumari miwili. Maranda yalishuka kwenye lile tumbo, na kupanda hayakupanda.

Mpira ulipopasuka sikununua mwingine. Mjomba wangu analima kando ya mto, ana pampu ya kumwagilia, nikamwomba mpira.

"Mjomba, upi? Wa kunyonyea au wa delivari?"

"Wowote, mjomba."

Akanipa wa delivari, ule bapa unaokunjwa kama mkanda. Mpira ule hutunishwa na maji yanayosukumwa kutoka ndani. Ukiuwekea mnyonyo, unafanya kinyume. Niliwasha feni, ukajibana pwaa kama tumbo la aliyefunga saumu saa kumi na moja jioni. Dogo anayejifunza kwangu alicheka mpaka akakaa chini.

Klipu nayo ina siri. Waya wa mpira unapanda mzunguko, kwa hiyo klipu iliyonyooka inaukalia waya mgongoni na kuacha mwanya pembeni. Dawa ni kuubana kwanza kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, klipu ije juu. Utepe huo uko kwa kila fundi baiskeli, ndiyo maana hatuutumii.

Milango ya matawi iache wazi yote, hata ya mashine zilizolala. Upepo utajigawa kama mto, kila tawi lipate kidogo, na kidogo hicho kisibebe kitu.

Onyo moja: usiweke pipa la kutenganisha kabla ya feni. Pipa la lita 200 lenye mfuniko na matundu mawili linaupunguzia upepo mbio, na vizito vinabaki chini. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, linaufanyia mto hivyo hivyo: maji yanatulia, udongo mzito unalala huko juu. Ukiweka pipa, delta yako itakosa udongo.

Mwisho wa safari funga kiroba. Kitadaka maranda, ambayo yangedondoka yenyewe hata bila kiroba, na kuachia unga mwembamba wa mkongo na mvule urudi chumbani. Unga huo ndio unaoshuka mapafuni. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1995, likitaja hasa pua. Lakini pua ni chujio lisilouzwa, na ulizaliwa nalo.

Delta yangu ilikomaa kwa miezi mitatu. Siku ya kukabidhi kitanda cha harusi, vanishi bado mbichi, dogo aliligonga bomba kwa nyundo ya mti ili "kulizindua". Likazinduka. Soketi iliachia, na shehena yote ikashuka juu ya kitanda, ya chini nyeusi na ya zamani, ya juu nyekundu ya juzi, tabaka juu ya tabaka.

Mjomba alikuwa amekuja kuuchukua mpira wake. Akainama, akachota kiganja kimoja, akakisugua kwa kidole gumba.

"Mjomba," akasema, "hapa ukimwaga mbegu ya mpunga inaota."